Kupigwa na Kutukanwa Zamuni: Maswali Wanayouliza Wahudumu wa Afya Dar es Salaam

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi idara ya dharura na wodi za watu wazima hapa Dar es Salaam kwa miaka 14, na kwa miaka ya karibuni ni mjumbe wa kamati ya usalama na afya mahali pa kazi. Maswali haya huulizwa tunapokabidhiana zamu, koridoni, na kwenye daladala tukirudi nyumbani. Mengine huulizwa kwa sauti ya chini sana. Nimeanza na ya msingi, nikaacha magumu mwishoni. Pale jibu lilipo kwenye swali jingine nimetaja namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Ukatili kazini ni upi hasa? Mpaka nipigwe?

Hapana. Kofi, ngumi, kusukumwa, kutemewa mate, kung'atwa, kurushiwa kitu, hivyo kila mtu anavitambua. Lakini na matusi yamo. Vitisho vya "tutakutana nje" na "unapokaa napajua" vimo. Kushikwashikwa mwili kumo, na kuzibiwa mlango usitoke kumo pia. Mwaka 2002 Shirika la Kazi Duniani, Shirika la Afya Duniani na mashirika ya kimataifa ya wauguzi na watumishi wa umma walitoa mwongozo wa pamoja kuhusu ukatili katika sekta ya afya, na wakaweka ukatili wa maneno na vitisho bega kwa bega na ule wa mwili. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unasema wazi kwamba tendo la mara moja tu linatosha kuitwa ukatili. Kwa hiyo usisubiri la pili.

2. Ni sisi tu, au hata kwingine?

Ni dunia nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kushambuliwa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliojumlisha tafiti 253 za nchi mbalimbali, ulikuta asilimia 61.9 ya wahudumu walikuwa wamefanyiwa ukatili wa aina yoyote ndani ya mwaka mmoja, na karibu robo ya wahudumu wote walifanyiwa ukatili wa mwili. Sisemi hivi ili tujifariji. Nasema kwa ajili ya yule binti wa miezi mitatu kazini anayelia chooni akidhani amepigwa kwa sababu hajui kazi.

3. Wanaotupiga ni wagonjwa au ndugu?

Wote, ila kwa nilivyoona mimi, ndugu wanaongoza kwa matusi na vitisho. Mgonjwa anayepiga mara nyingi ana sababu ya kitabibu (swali la 15). Na wapo wenzetu wa kazi (swali la 19).

## Kwa nini inatokea

4. Kwa nini watu huwaka kiasi hicho hospitalini?

Fuata njia aliyopita mtu huyo. Ameamka saa 10 usiku Mbagala, mama yake anahema kwa shida. Akaanzia zahanati, akaambiwa aende kituo cha afya, kituo kikampa rufaa ya hospitali ya mkoa, Temeke. Kila mlango ameulizwa jina, umri na bima. Amekopa nauli ya bajaji. Akifika kwako ni saa 4 asubuhi, anapewa namba ya malipo, mtandao uko chini, dirisha la malipo lina foleni, na mama yake yuko kwenye benchi kichwa kimeanguka begani. Halafu anapita mtu mwenye sare nyeupe, hamtazami, hasemi kitu.

Kwa maoni yangu, ukimya ule ndio unaoumiza kuliko foleni. Foleni watu wa Dar wanaijua, wanaipanga kila siku kituo cha mwendokasi. Mtu aliyeambiwa "mama yako ni wa nne, daktari yuko na mtoto mwenye degedege" anakaa. Asiyeambiwa kitu anahesabu kila anayeingia na kuamini amerukwa, na pale tunapopanga wagonjwa kwa rangi kulingana na uzito wa hali zao, kweli anarukwa! Yule wa nyekundu anaingia mbele ya wa njano, na hakuna aliyemweleza rangi hizo maana yake nini.

Pesa ndiyo kuni ya pili. Anayepaswa kupata msamaha wa matibabu, kama mzee asiye na uwezo au mtoto wa chini ya miaka mitano, akidaiwa fedha dirishani kabla hajaelekezwa ofisi ya ustawi wa jamii, usishangae sauti ikipanda. Na mochwari ni hivyo hivyo. Serikali imetamka mara kadhaa kwamba mwili wa marehemu usizuiwe kwa sababu ya deni, na familia zinalijua tamko hilo kuliko baadhi ya wahasibu wetu.

5. Watu wanasema manesi wana kauli mbaya. Je, tunajitakia?

Kauli mbaya zipo. Nimewahi kumsikia mwenzangu akimwambia mjamzito maneno ambayo sitayaandika hapa, na nilinyamaza, jambo ninalojutia. Mgonjwa aliyetukanwa ana haki ya kulalamika kwa mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lina mamlaka ya kumwadhibu muuguzi. Lakini kauli mbaya haimpi mtu ruhusa ya kupiga. Haya ni mashauri mawili, kila moja lina mlango wake. Ukiyachanganya, mgonjwa hapati haki yake na wewe hupati yako.

6. Wale wanaokuja kwa kundi, hasa bodaboda, tuwapokeeje?

Kila aliyefanya kazi idara ya dharura mjini hapa anaijua sauti ile: pikipiki 15 au 20 zinaingia getini pamoja, honi haikatiki, katikati kuna bajaji imembeba mwenzao aliyegongwa. Wanamshusha wenyewe, wawili wameshika mabega na mmoja mguu uliovunjika ukining'inia. Mlinzi anajaribu kuwazuia, wanampita. Ndani ya dakika moja chumba cha kufufulia kina watu 12 wenye helmeti, na daktari hana pa kusimama.

Kosa tulilolifanya miaka mingi ni kuwafukuza kwa kelele. Wale vijana wamemwokoa mwenzao, wamesimamisha kazi, wana damu yake kwenye mashati. Siku hizi mmoja wetu anatoka mbele mapema na kuuliza: "Kiongozi wenu nani? Nani anamjua nyumbani kwao?" Daima yupo, mara nyingi mwenyekiti wa kijiwe. Huyo tunamwita kaka, tunaingia naye, anaona kwa macho yake kwamba mwenzao anahudumiwa, kisha anatoka kuwaeleza wenzake. Wanamsikiliza yeye kuliko mlinzi. Mwingine tunampa kazi ya kutafuta ndugu kwa simu, mwingine anaenda kufungua faili. Mtu mwenye kazi ya kufanya hana muda wa kupiga vioo.

Hatujafuta vurugu kabisa. Usiku wa mwisho wa mwezi, pombe ikiwa imeingia, njia hii hukwama, na hapo twende swali la 7 na la 10.

## Wakati linatokea

7. Mtu ameanza kupandisha. Nifanye nini?

Tazama mikono na miguu kabla ya mdomo. Anayetukana huku amekaa ana nafasi ya kupoa. Anayetembea huku na huko, amekunja ngumi, anakaribia hatua moja kila sentensi, huyo yuko njiani. Simama upande wa mlango, usikubali yeye awe kati yako na mlango. Acha urefu wa mikono miwili. Ondoa shingoni stetoskopu na kamba ya kitambulisho, maana vyote viwili hukabwa navyo.

Sema kwa sauti ya chini kuliko yake. "Baba, naona una hofu na mwanao. Mimi naitwa sista fulani. Niambie jina lake." Mwache amalize. Usimwambie "tulia", sijawahi kuona mtu akitulia kwa kuambiwa hivyo. Ahidi kitu kidogo unachoweza kukitimiza: "Ndani ya dakika 10 narudi kukupa habari." Kisha rudi ndani ya dakika 10 hata kama habari ni kwamba majibu bado.

Akikugusa, mazungumzo yamekwisha. Ondoka, ita wenzako na mlinzi. Polisi ni 112.

8. Habari ya kifo tuitoeje? Hapo ndipo tunapopigwa zaidi.

Hapo panahitaji utaratibu wa wodi nzima, haiwezi kuwa kazi ya nesi mmoja wa zamu ya usiku.

Kwanza, msiba kwetu haufikishwi koridoni. Nyumbani habari hupelekwa kwa mkubwa wa familia, naye anajua nani ana moyo mwepesi na nani mjamzito. Tufanye vivyo hivyo: ulizia mjomba, baba mdogo, shangazi, mzee wa msikitini au wa kanisani aliyewasindikiza. Kaeni chini, chumbani, watu wawili wa hospitali, mmoja awe daktari aliyemhudumia. Anza na walichokiona wenyewe: alikuja anahema kwa shida, tumemwekea oksijeni, moyo ukasimama, tumejaribu kuurudisha. Kisha tamka neno lenyewe. "Amefariki." "Hali si nzuri" na "tumuombee" huacha watu wakisubiri, na baada ya nusu saa wakimwona mtu wa mochwari na machela ndipo ghasia huanza.

Nyamaza baada ya hapo. Kilio si ukatili. Mama anayejigaragaza sakafuni na kutupa kanga yake halengi kukudhuru, msogezee viti asiumie. Waruhusu wamwone marehemu, wawili wawili, akiwa amefunikwa vizuri na mipira ya dripu imetolewa, isipokuwa kama polisi watahitaji uchunguzi. Suala la bili liguswe siku nyingine na mtu mwingine.

9. Naruhusiwa kujitetea?

Ndiyo. Kanuni ya Adhabu inamruhusu mtu kujilinda yeye na mwenzake kwa nguvu inayolingana na hatari. Kumsukuma anayekukaba ili utoke ni kujitetea. Kumfuata hadi getini na kumpiga akiwa anaondoka ni shambulio, na mtuhumiwa ni wewe.

10. Mlinzi wetu ni mmoja na yuko getini. Atatusaidia nini?

Kidogo sana, na hili ni jambo la mwajiri, halitatuliwi na ujasiri wako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke mazingira salama ya kazi, na sioni kwa nini mlango wa dharura usiofungika uhesabiwe tofauti na waya wa umeme uliochubuka. Dai vitu vinavyoonekana: mlinzi mlangoni mwa dharura usiku, taa kwenye njia ya kwenda maabara, kengele ya kuita msaada, mlango wa pili kwenye chumba cha daktari, ndugu mmoja kwa mgonjwa mmoja. Na uyadai ukiwa na kumbukumbu mkononi (swali la 12).

## Baada ya tukio

11. Nimeshapigwa. Nianzie wapi?

Utibiwe. Wahudumu ni wagonjwa wabaya, tunajifunga bandeji wenyewe na kurudi kwenye chati. Fungua faili kama mtu mwingine yeyote, daktari akupime na aandike. Mwambie inchaji, yaani msimamizi wa wodi, akutoe kwenye zamu. Kisha andika tukio siku hiyo hiyo.

12. Kuandika kuna faida gani kama hakuna kinachofanyika?

Nitaeleza yangu. Mwaka wangu wa sita kazini, ndugu wa mgonjwa alinirushia chupa ya chai. Ilinipiga kwenye mtulinga, kioo cha ndani kikapasuka, chai ya maziwa ikanichuruzika kifuani hadi kwenye viatu. Ilikuwa ya uvuguvugu, Mungu alinihurumia. Nilibadilisha gauni, nikaendelea kugawa dawa, na asubuhi kwenye daftari la ripoti nikaandika: "Usiku ulikuwa tulivu, wagonjwa 31, kifo kimoja."

Miezi miwili baadaye wodi iliomba mlinzi wa usiku. Uongozi ukauliza: matukio mangapi? Wakapekua daftari. Hakukuwa na hata moja. Tulikuwa wauguzi wanane kwenye kikao kile na kila mmoja alikuwa na lake, lakini karatasi ilisema usiku wote ulikuwa tulivu, na mwandiko ulikuwa wetu. Ombi likakataliwa.

Andika tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, maneno yenyewe yaliyotamkwa (usiandike "alitoa lugha chafu", andika alichosema), umeumia wapi, nani aliitwa na alifika baada ya dakika ngapi. Matusi pia yaandikwe. Nakala moja ibaki kwako.

13. Polisi nao? Si wataniambia nimalizane nao?

Wengine watasema hivyo. Nenda hata hivyo, ikiwezekana na shahidi na kiongozi wa zamu. Utafunguliwa jalada na kupewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ile ile ambayo wewe huwajazia wagonjwa, safari hii itajazwa na daktari kwa ajili yako. Kama umeumia vibaya, matibabu kwanza, fomu itafuata. Shambulio la kudhuru mwili lina adhabu ya kifungo hadi miaka 5, na kutishia kwa maneno ni kosa pia. Kwa kushikwashikwa au kuombwa ngono, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

Omba hospitali iwe upande wako kwenye kesi, itoe mashahidi na ruhusa ya kwenda mahakamani. Chama chako cha wafanyakazi, TUGHE, TALGWU au kingine, kiambie mapema.

14. Nani analipa siku nilizolala na gharama za matibabu?

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahudumia sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara. Mwajiri ndiye anayechangia, mshahara wako haukatwi. Jeraha lililotokana na kazi linaingia, na kupigwa ukiwa kazini kwa sababu ya kazi ni jeraha la kazi. Mafao ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda au wa kudumu, na utengemao. Mjulishe mwajiri kwa maandishi mara moja, na usiache miezi 12 ipite bila madai. Bila maelezo ya swali la 12, utapata shida kuthibitisha.

## Mambo magumu

15. Aliyenipiga ni mgonjwa asiyejitambua. Nimshtaki?

Kwanza mtibu. Kijana anayerusha mateke saa 9 usiku akinuka pombe anaweza kuwa na sukari 1.8, yaani imeshuka mno. Pima kidole kabla ya kumwita mlevi. Oksijeni ndogo, jeraha la kichwa, malaria kali, kuacha pombe ghafla, uzee unaochanganya usiku na mchana, vyote hupiga watu. Mgonjwa wa namna hii hana nia mbaya na kesi haina maana. Tukio liandikwe vilevile, kwa sababu ngumi imekuumiza vilevile, na WCF haiulizi kama aliyekupiga alikuwa na fahamu.

16. Ameniuma, damu imetoka.

Osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue. Nenda ukapimwe na kuanza dawa za kinga ya VVU saa hiyo hiyo. Mwisho ni saa 72, lakini kila saa ina thamani. Dozi ni siku 28. Ulizia pia chanjo yako ya homa ya ini B. Na hata ukijua hali ya mgonjwa huyo, usiitaje polisi wala kwa wenzako, siri yake inalindwa na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Polisi wanahitaji tukio tu.

17. Ndugu wananirekodi video wakinitukana.

Usinyang'anye simu, hapo ndipo video inapopata kichwa cha habari. Sema mara moja, kwa utulivu: "Kuna wagonjwa wengine hapa, tafadhali usiwapige picha." Endelea na kazi. Ikisambazwa ikiwa na matusi au vitisho, hifadhi nakala na jina la ukurasa, upeleke polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wewe nawe usijibu kwa kuweka faili la mgonjwa hadharani.

18. Naweza kukataa kumhudumia aliyenipiga?

Kwenye dharura, hapana. Abadilishwe mhudumu kama yupo, kama hayupo mhudumie mlinzi akiwa kando. Isipokuwa dharura, una haki ya kuomba mwenzako achukue faili lile, na inchaji mwenye utu hatakuuliza mara mbili.

19. Anayenidhalilisha ni daktari bingwa, au inchaji mwenyewe.

Ni ukatili uleule. Andika kama swali la 12, ila peleka kwa ngazi iliyo juu yake au kwa chama. Mwajiriwa wa sekta binafsi anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

20. Mimi najitolea, sina mkataba.

Kanuni ya Adhabu haiulizi mkataba: aliyekupiga ana kosa. Upande wa fidia ndiko utakakoyumba. Kwa hiyo kabla ya kuingia zamu, dai barua inayokutambua, yenye tarehe na jina la msimamizi wako. Wanaojitolea ndio hupangwa usiku peke yao, na hilo mlipinge waziwazi.

21. Wazee wa familia wamekuja kuomba yaishe. Nikubali?

Uamuzi ni wako, wala si wa mganga mfawidhi anayetaka jina la hospitali lisichafuke. Kwa shambulio la kawaida hata mahakama inaruhusiwa kuhimiza mapatano, kwa hiyo kusamehe si kuvunja sheria. Nimeshuhudia baba mmoja kutoka Vingunguti akirudi na mwanawe baada ya wiki mbili, kijana ameinamisha kichwa, akamwomba radhi nesi mbele ya zamu nzima. Yule dada alimpokea, wakashikana mikono.

Lakini wasikilize ukiwa na mwakilishi wako, usiwe peke yako ofisini kwa bosi. Gharama za matibabu ziwekwe mezani. Mapatano yaandikwe na kusainiwa. Na maelezo ya tukio yaliyokwisha kuingia kwenye daftari yasifutwe wala ukurasa usichanwe, hata wazee wakiomba hilo pia.